Mtu Aliye Njiani: Mwaka wa Kwanza wa Chuo Kikuu katika Fasihi Yetu

Mwaka 1964 Mwalimu Julius Nyerere aliufananisha usomi na safari. Palikuwa na kijiji chenye njaa, alisema, ambacho watu wake walimpa mtu mmoja chakula chote kilichosalia ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Mtu huyo akila kisha asirudi, amekuwa msaliti. Mfano huu umekaririwa mara nyingi katika mahafali na katika vitabu vya elimu, hata umekaribia kuwa ngano isiyo na mtunzi. Wanaoukariri hukaza macho katika ncha zake mbili: siku ya kuondoka, chakula kinapokusanywa, na siku ya kurudi, au ya kutorudi. Habari za njiani haziulizwi. Mtu yule alilala wapi usiku wa kwanza? Alikila na nani chakula kile cha watu? Alipofika nchi ya mbali alisema kwa lugha gani, na nani alimcheka?

Siulizi haya kwa kutaka kuukosoa mfano wa Mwalimu, ambao kwa kazi uliyokusudiwa watosha. Nauliza kwa sababu fasihi ya Kiswahili, katika kumweleza mwanafunzi wa Chuo Kikuu, imeufuata mfano ule kwa uaminifu uliopita kiasi. Vitabu vyetu vimebaki kijijini vikimngojea mtu arudi. Vyajua kumpima akisharudi, na vyajua kumlilia akipotea. Mwaka wa kwanza, ambao ndio njia yenyewe, ni kama ukurasa uliochanwa. Na mwanafunzi ambaye hakupotea wala hakurudi bado, bali yuko katika kazi ya polepole ya kuzoea, hana mahali pa kukaa katika riwaya zetu.

Yumkini sababu ya kwanza ni ya historia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kwa wanafunzi wachache wa sheria, katika jengo la TANU la Mtaa wa Lumumba. Mwaka 1964 kilihamia kilimani, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Katikati ya miaka hiyo, Oktoba 1966, wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na karibu 400 kati yao walifukuzwa masomoni. Tangu siku ile mwanafunzi wa Mlimani alikuwa swali la siasa kabla hajawa mhusika wa hadithi. Aliulizwa amekula cha nani, na atalipa lini. Mwandishi aliyeshika kalamu katika hewa ile hakuwa na nafasi ya kueleza jinsi kijana wa miaka ishirini alivyotafuta chumba chake kwa aibu ya kuuliza njia. Jambo hilo lingeonekana dogo, pengine la anasa. Na waandishi wetu wawili wakubwa wa kizazi kile, Euphrase Kezilahabi na Ebrahim Hussein, wote walikuwa wanafunzi wa chuo kile kile katika miaka hiyo ya sitini. Waliyaona kwa macho yao.

Kabla sijawafikia wao, yafaa nimtaje Lawino. Wimbo wa Okot p'Bitek ulitoka kwa Kiingereza mwaka 1966, na Paul Sozigwa akauleta katika Kiswahili mwaka 1975, nao ndio shtaka kali kuliko yote lililopata kutolewa juu ya msomi wa Afrika Mashariki. Lawino aiona nyumba ya mumewe, aliyesoma Makerere, kuwa msitu mweusi wa vitabu, na mumewe amepotelea humo. Ni taswira yenye nguvu. Lakini msomaji akumbuke imesemwa na nani. Lawino amesimama mlangoni. Hakwenda Makerere, hakumwona Ocol akiingia msituni kwa hatua ya kwanza, hajui kama aliingia kwa shangwe au kwa hofu, au kwa sababu wenzake wote walikuwa wamekwisha ingia. Haki yake ya kushtaki haina shaka. Walakini shahidi wa mlangoni hawezi kutueleza mambo ya ndani, na tangu hapo tumezoea kuusikiliza ushahidi huo mmoja kama kwamba ndiyo kesi nzima.

Katika Kichwamaji, riwaya ya Kezilahabi iliyotoka mwaka 1974, tungetazamia mengine, maana msimulizi ni mwanafunzi mwenyewe. Kazimoto anasema kwa nafsi ya kwanza, na anasema bila kujihurumia. Lakini mwandishi amempa sauti akamnyima chuo. Tunakutana naye akiwa likizoni, akingoja katika ofisi ya Manase, rafiki yake wa utotoni ambaye sasa ni mkubwa wa wilaya. Kungoja kule kumetungwa vizuri sana. Kazimoto amekaa pamoja na raia wengine wenye shida zao, na ndani yake mna mtu anayeamini kwamba hastahili kungoja na wengine. Hapo tu, katika kurasa za mwanzo, elimu ya juu inapimwa kwa kitu kinachoshikika, yaani benchi. Baada ya hapo chuo kinatoweka. Yanabaki mawazo ambayo Kazimoto ameyaleta kutoka huko: kwamba maisha hayana maana aliyoahidiwa, kwamba imani ya wazee haimtoshi na ya kigeni haimtoshi pia.

Wahakiki wamezoea kuyaita mawazo hayo udhanaishi, wakatutajia wanafalsafa wa Ufaransa. Sina ugomvi na jina hilo, lakini naona linafunika shimo. Kazimoto aliyapata lini? Katika kitabu gani, usiku gani, akibishana na nani? Mtu hazaliwi amekata tamaa. Kila mwalimu aliyefundisha mwaka wa kwanza ameiona saa ile ambayo kijana wa dini, aliyelelewa katika sala, anasikia kwa mara ya kwanza hoja asiyoweza kuijibu, naye anatazama huku na huku kuona kama wenzake nao wameisikia. Wengi huenda zao wakala chakula cha mchana. Wachache hawalali siku ile. Kazimoto bila shaka alikuwa katika hao wachache, nasi tumenyimwa usiku wake. Matokeo yake ni kwamba huzuni ya riwaya hii, ambayo ni ya kweli na nzito, inaonekana kama ugonjwa aliozaliwa nao, na anapojiua msomaji anashawishika kusema kwamba asingeweza kufanya jingine. Hilo ni kosa la utungaji, tena si dogo. Nawajua wanaolisifu, wakisema kwamba ukimya huo ndio unaompa Kazimoto kivuli chake. Mimi naona kivuli kinataka mwili.

Ebrahim Hussein alikuwa karibu zaidi. Mashetani, mchezo wake uliotoka mwaka 1971, una vijana wawili wanafunzi, Juma na Kitaru, na mchezo wa shetani na binadamu wanaouigiza chini ya mbuyu. Aghalabu husomwa kama fumbo la ukoloni na ukoloni mamboleo, na fumbo hilo limo. Lakini chini ya fumbo pana jambo jepesi zaidi ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hulitambua kabla ya mhakiki. Jamaa za Juma walikuwa watu wenye mali na jina Unguja kabla ya Mapinduzi ya 1964, na sasa wameporomoka. Jamaa za Kitaru wanapanda. Pasingekuwa na chuo, pengine vijana hawa wasingekuwa sahibu. Chuo kimewaweka pamoja, kimewaita kwa jina moja la mwanachuo, kikawataka wasahau nyumbani kwao pana nini. Nao hawawezi kusahau. Kila mmoja anampima mwenzake, na anaona haya kwa kumpima. Urafiki wa namna hii, uliojaa mapenzi ya kweli na hesabu za siri, ndio urafiki wa mwaka wa kwanza hasa. Sijaona mwandishi mwingine wa Kiswahili aliyeugusa kwa ukali huo. Hata hivyo Hussein naye anauchukua ukiwa umeiva. Siku walipojuana haimo.

Kwa hiyo kitabu kinachokaribia kabisa kuwa riwaya ya mwaka wa kwanza hakihusu Chuo Kikuu hata kidogo. Ni Rosa Mistika, cha mwaka 1971, riwaya ya kwanza ya Kezilahabi, aliyehitimu Dar es Salaam mwaka mmoja kabla. Yapasa tusite hapa kidogo. Kijana wa Ukerewe aliye katika miaka yake ya chuo, au aliyetoka tu, anataka kuandika juu ya mtu anayeingia katika uhuru asioujua. Hamwandiki mvulana wa Mlimani. Anamwandika msichana wa Namagondo ambaye baba yake, Zakaria, mlevi na mkali, amemlinda kwa kiboko hata barua moja ya mvulana imekuwa sababu ya kipigo. Kisha anampeleka katika shule ya bweni, na baadaye Chuo cha Ualimu Morogoro. Nadhani ni njia ya kuzunguka. Yale ambayo kijana msomi hakuweza kuyakiri kwa nafsi yake, aliweza kuyasema kwa umbo la Rosa.

Na ameyasema vizuri kwa kiasi gani? Alilolifahamu kwa undani ni kwamba anayefika chuoni hafiki peke yake. Zakaria hayuko Morogoro, lakini yumo katika kila hatua ya Rosa, kwanza kama hofu, halafu kama kisasi. Msichana aliyekatazwa kila kitu kwa sauti ile ile hakufundishwa kutofautisha lipi ni hatari na lipi ni la kawaida. Sauti ilipokoma, vyote vikawa halali kwa pamoja. Huu ni uchunguzi wa kweli, nao waendelea kuwa wa kweli kwa wavulana na wasichana. Tena ulihitaji ushujaa, maana kitabu kilipigwa marufuku mashuleni kwa muda, kikaja kuruhusiwa baadaye.

Lakini tazama mwendo wa masimulizi. Malezi ya nyumbani yameelezwa kwa subira. Mwisho, wenye kifo na hukumu, umeelezwa kwa fahari. Katikati, pale ambapo msichana mwoga anakuwa msichana asiyejali, hatua ni za haraka mno. Tunaambiwa amebadilika, tunaonyeshwa matendo ya mtu aliyebadilika, lakini kubadilika kwenyewe, siku kwa siku, kwa haja ya kufanana na wenzake, kwa nguo ya kuazima, kwa jioni moja ya kukubali jambo dogo kwa sababu kukataa kungeonekana ushamba, hayo yamepitwa mbio. Msimulizi ana haraka ya kufika kwenye hukumu, na katika haraka hiyo, ajabu ni kwamba anafanana kidogo na Zakaria.

Rosa anajiua, Kazimoto anajiua. Msomi kijana katika kazi hizi hana njia ya tatu. Ningependa wanafunzi wangu walifikirie jambo hili, kwa sababu wao wenyewe wengi wao ni njia ya tatu. Wanafika wakiwa na sanduku na godoro, wanapanga foleni za kujiandikisha, wanangoja fedha za mkopo, wanafeli jaribio la kwanza baada ya kuwa wa kwanza shuleni kwao kwa miaka mingi, wanatafuta mtu wa lugha yao wa kula naye, na kufika mwezi wa nne au wa tano hawakumbuki tena kwamba walikuwa wageni. Kuzoea hakuna kishindo. Ndiyo maana kumewashinda watunzi wetu, waliofundishwa na tenzi na ngano kwamba hadithi ni tukio.

Si kwamba hakuna fasihi ya mwaka wa kwanza. Ipo, ila haikuandikwa na waandishi. Chukua maneno matatu ya wanafunzi wa Dar es Salaam. Fedha za kujikimu waliziita bumu, kwa mlio wake: zashuka kwa kishindo, na baada ya kishindo kuna kimya. Kuondolewa masomoni kwa kufeli waliita kudisko. Ofisi ilikuwa na neno lake la Kiingereza, nalo lilikuwa la kutendwa, kwamba mtu amesimamishwa. Wanafunzi wakalikata, wakalifanya tendo la mtu mwenyewe, kama kwamba aliyefukuzwa alikwenda kucheza muziki: fulani amedisko. Msiba umevikwa nguo za ngoma. Nalo la tatu, ambalo nalipenda kuliko yote, ni kubebana: mwanafunzi asiyepewa chumba kulala katika chumba cha aliyepewa, kitanda kimoja watu wawili. Kwa hali halisi mmoja ndiye anayembeba mwenziwe. Sarufi ingeruhusu kusema anabebwa, na neno hilo lina dharau. Lakini wao walichagua kauli ya kutendana. Kwa kiambishi kimoja mwenye kitanda na asiye nacho wamewekwa sawa, na aliyepokelewa ameondolewa aibu. Ningetoa sura kadha za riwaya nilizozitaja kwa ajili ya sura moja ambayo ingelifungua neno hilo.

Iko fasihi nyingine ya kilimani, nayo si ya kupendeza. Kwa miaka mingi zilibandikwa kutani karatasi za kejeli zisizo na jina la mwandishi, zilizojulikana kwa jina la Mzee Punch. Zilijidai kuwakosoa wenye majivuno. Walioandamwa zaidi walikuwa wanawake, na hasa wageni ambao hawajajua nani ni nani. Februari 1990 msichana mmoja wa mwaka wa kwanza, baada ya kuandamwa namna hiyo, alijiua. Kifo chake kiliwatikisa watu hata nje ya chuo, na Chama cha Wanahabari Wanawake, TAMWA, hakikunyamaza.

Mambo ya haki na sheria katika jambo hilo wameyasema wengine. Mimi nataka kulisema la fasihi, kwa sababu watetezi wa karatasi zile walipata kusema kwamba kejeli ni mila yetu. Ni kweli kwamba Mswahili ana ustadi wa kumchoma mtu kwa maneno. Muyaka bin Haji wa Mombasa na washairi wa Lamu walichomana vikali katika karne ya 19, na kurasa za Mambo Leo, gazeti lililoanza mwaka 1923, zilijaa malumbano ya watunzi. Lakini kanuni ya malumbano ni kwamba anayepigwa ana zamu yake. Anajulikana aliyesema, yanajulikana mahali aliposema, na jibu linangojewa kwa hamu. Nusu ya raha ya wasikilizaji ni jibu. Hata kanga yenye maneno ya ukali huvaliwa na mtu mwenye uso, na jirani aweza kwenda dukani akanunua yake. Karatasi ya ukutani isiyo na jina haikutoa zamu. Ilimwandika mgeni ambaye hakuwa na mahali pa kuandika. Kuiita mila ni kuisingizia mila. Na leo, ambapo ukuta wa kubandika umehamia katika simu ya kila mwanafunzi, tofauti hii kati ya kulumbana na kumwandama mtu ni somo ambalo ningelifundisha katika wiki ya kwanza, kabla ya mizani na vina.

Hapa ndipo ukimya wa riwaya unapopata gharama yake. Msichana aliyesoma Rosa Mistika shuleni alifika chuoni akiwa amefundishwa kwamba msichana chuoni hupotea, na kwamba mwisho wa kupotea ni kifo. Hakupewa kitabu hata kimoja cha lugha yake ambamo msichana anatukanwa, analia, anamweleza mwenziwe wa chumbani, anakwenda darasani keshoye.

Lugha nayo ina sehemu yake. Mtoto wa Tanzania hufundishwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi, halafu kwa Kiingereza katika sekondari. Akija katika somo letu, ambalo Dar es Salaam hufundishwa kwa Kiswahili tangu ilipoanzishwa idara mwaka 1970, hugundua kwamba lugha aliyoidhania ameijua tangu kunyonya ina istilahi zinazomtoa jasho. Akienda katika masomo mengine husikia Kiingereza mchana na Kiswahili bwenini. Mtunzi anayetaka kuandika mwaka wa kwanza kwa Kiswahili lazima aamue mhadhara usikike kwa lugha gani. Nadhani baadhi yao walishindwa hapo, wakaona ni rahisi kumleta mhusika likizoni.

Aliyeshinda kizuizi hicho aliandika kwa lugha nyingine. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, ametuandikia katika Gravel Heart, ya mwaka 2017, kijana aitwaye Salim anayepelekwa London kwa mjomba wake ili asome biashara, somo asilolichagua. Anafeli. Hakuna mlio wa radi. Kuna baridi, kuna chumba cha watu, kuna deni la fadhila linalozidi kila siku, na kuna barua kwa mama yake, baadhi zikipelekwa na nyingine zikibaki katika daftari. Barua zisizopelekwa ndizo zenye ukweli; zilizopelekwa zina salamu. Kitabu kingine cha Gurnah, Paradise, kimekwisha kuja kwetu kwa jina la Peponi, kwa kalamu ya Ida Hadjivayanis, mwaka 2022. Hiki nacho kingefaa kije.

Wala umbo hilo la barua si geni kwetu hata tulikope. Shaaban Robert alimwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge kwa miaka mingi, na barua hizo, za tangu 1931 hadi 1958, zimechapishwa. Atakayezisoma ataona jinsi Kiswahili kinavyoweza kubeba mambo ya siku, kazi, upungufu wa fedha na afya ya jamaa, kwa heshima na bila kelele. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aandikaye kwao, hata akiandika kwa simu, ana kazi ngumu kuliko ya Shaaban, maana barua yake moja ina wasomaji wawili. Mmoja ni mama, atakaye kujua kama mwanawe anakula. Mwingine ni yule aliyeuza ng'ombe. Kwa mama lazima apunguze taabu, na kwa mwenye ng'ombe lazima aongeze kidogo, isije ikaonekana fedha zilikuwa nyingi. Mtunzi atakayeiandika barua hiyo sentensi kwa sentensi, pamoja na ile iliyofutwa, atakuwa ametueleza alikolala yule mtu wa kijiji chenye njaa.